Akaunti yangu ya kubeti imefungwa. Nifungue nyingine kwa jina la mtu wa familia? Naomba ushauri wa haraka

Mzee wa Kuponi (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mwandishi humu, huwa napita kimya kwenye nyuzi za mikeka (orodha za mechi tunazobetia) naondoka zangu. Leo nina jambo, na naomba anayejua anijibu bila kejeli.

Nimebeti maisha yangu yote. Utotoni ilikuwa gololi za kushindania, mshindi anabeba. Ujanani nikaingia kwenye kuponi za kutabiri sare za ligi ya Uingereza, zile za karatasi: unachora misalaba, unatuma kwa posta, kisha Jumamosi jioni unakaa na redio na kalamu. Vijana wa sasa hawajui utamu wa kusubiri matokeo yasomwe kwa sauti, moja baada ya jingine, na msomaji akishusha sauti kidogo tu unajua timu ya ugenini imefungwa. Baadaye karata na wenzangu wa kazini, farasi kidogo, kasino mara chache nikiwa safarini (ruleti sikuipenda, kelele nyingi). Halafu zikaja simu, na kwenye simu ndiko niliko hadi leo.

Nina wajukuu. Sijawahi kukopa ili nibeti. Sijawahi kuuza hata kijiko cha ndani. Kuna mstaafu anayekwenda kuvua samaki na kurudi mikono mitupu, hakuna anayemsema. Mimi starehe yangu ni mkeka wa mwisho wa wiki.

Sasa akaunti yangu imefungwa. Nikiingia naambiwa siruhusiwi kuweka dau. Nimewaandikia huduma kwa wateja, wananijibu maneno yale yale ya kunakili. Swali langu ni moja: nikifungua nyingine kwa jina la mtu wa familia, kwa ridhaa yake, kuna shida gani hasa wakati wa kutoa hela? Wikiendi hii kuna mechi nzuri.

Kipa wa Akiba
Nimewahi siti ya mbele. Tiririkeni.

Sijachanika
Shikamoo mzee. Hapo kwenye redio umenirudisha mbali sana. Ngoja nikusimulie yangu kwanza. Msimu wa 2015/16 makampuni ya Uingereza yaliipa Leicester City 5000 kwa 1 kubeba ligi, yaani ukiweka moja unalipwa elfu tano. Niliweka hela ya kicheko, hata mke wangu alicheka. Mwezi wa tatu kampuni ikaja na ofa ya kuununua mkeka wangu kabla ligi haijaisha. Mke akasema uza. Nikauza. Mei 2016 Leicester wakabeba kombe. Hela niliyopata haikuwa mbaya, sikatai, ila hadi leo nikiona picha ya mbweha, nembo yao, tumbo linanikata. Ushauri wangu mzee: usiuze mkeka mapema, na usimsikilize mtu asiyebeti.

Mzee wa Kuponi
Marahaba kijana. Pole, lakini sijauliza kuhusu kuuza mkeka.

Bingwa wa Kona
Mzee hongera! Hujui tu, umefungiwa kwa sababu unashinda. Makampuni hayamfungii mtu anayeliwa, huyo wanamtumia hadi salamu za sikukuu. Anayefungiwa ni yule anayewasumbua. Fungua nyingine, na hata ukipata kumi fungua.

Mzee wa Kuponi
Nashukuru Bingwa. Hata mimi hilo wazo limenijia.

Hesabu Haidanganyi
Bingwa yuko sahihi nusu. Wanaoshinda kweli wanabanwa, hasa wale ambao mara kwa mara wanaweka mapema kwa odi 2.20 (kila moja uliyoweka inalipwa 2.20), na mechi inapoanza odi imeshuka hadi 1.90. Kampuni inaliangalia hilo kuliko hata kama ulishinda au ulishindwa. Lakini mtu huyo mara nyingi hafungiwi mlango, anapunguziwa dau. Unataka kuweka mia, mfumo unakwambia mwisho wako ni mbili. Yako mzee inasema dau limepungua au huruhusiwi kabisa?

Mzee wa Kuponi
Huruhusiwi kabisa. Ujumbe wenyewe haueleweki vizuri.

Hesabu Haidanganyi
Unakili hapa ulivyo, neno kwa neno.

Mja Mnyenyekevu
Mnamshauri mzee afungue akaunti badala ya kumwambia amrudie Mola wake? Sura ya Al-Maida, aya ya 90, kamari imetajwa sentensi moja na ulevi na ikaitwa uchafu. Mzee una wajukuu, unawaachia nini? Mikeka?

Sijachanika
Ustadhi, wewe si ndiye uliyeuliza kwenye uzi wa derby kama kipa wao amepona?

Mja Mnyenyekevu
Niliuliza kwa mapenzi ya michezo.

Kipa wa Akiba
😂😂 Mzee, ujumbe tunausubiri.

Mzee wa Kuponi
Nawajibu kwa mpangilio. Ustadhi nimekusikia, hilo ni langu na Mola wangu. Bingwa, nimefurahi umeelewa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, nina daftari. Mwezi ule kabla ya kufungwa nilikuwa nimeliwa mfululizo, na mtu mwenye uzoefu anajua baada ya mfululizo kama ule zamu yako imekaribia. Ndiyo maana kufungwa wakati ule kumeniuma.

Kuhusu ujumbe, unasema hivi: "Umejizuia kucheza hadi tarehe uliyoichagua. Ombi hili haliwezi kuondolewa kabla ya tarehe hiyo."

Bingwa wa Kona
Ohoo.

Hesabu Haidanganyi
UmejiZUIA. Mzee, kampuni haijakufungia. Umejifungia mwenyewe.

Dada Mkweli
Nimekuwa nasoma kimya. Mzee wangu, heshima yako. Nimefanya kazi miaka kadhaa na watu wanaotaka kuacha kubeti, na kitu hicho nakijua. Hakibonyezwi kwa bahati mbaya. Unaulizwa una uhakika, unachagua muda, unaulizwa tena. Uingereza wanao mfumo mmoja wa kampuni zote za mtandaoni zenye leseni, GAMSTOP: unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na ukishachagua hakuna wa kukutoa kabla ya hapo, ulie usilie. Sweden wana Spelpaus tangu 2019, Australia wana BetStop tangu 2023. Yote imejengwa kwa wazo moja, kwamba mtu anayeamua Jumatatu akiwa ametulia anamlinda yule wa Jumamosi jioni. Wewe ulichagua muda gani, na kwa nini?

Mzee wa Kuponi
Nilichagua mrefu kuliko yote iliyokuwepo. Lakini msiharakishe kuhukumu. Binti yangu wa mwisho ndiye anayenisaidia mambo ya simu. Siku moja alikuwa ananipunguzia mafaili, akafungua historia ya akaunti, akaona jumla. Sasa mtu akiona jumla bila kuona miaka, lazima ashtuke. Hata ukijumlisha nauli zako zote tangu uanze kupanda basi utasema umeibiwa. Alilia. Mimi sipendi kuona mtoto analia, nikamwambia nionyeshe pa kubonyeza. Alikuwa amekaa pembeni yangu, ningechagua mfupi ingekuwaje? Kwa hiyo ile haikuwa nia yangu, ilikuwa heshima kwa mtoto. Na ahadi nimeitimiza, tangu hapo sijagusa kwa muda mrefu tu. Nadhani nimeshathibitisha kuwa naweza kukaa bila.

Sijachanika
Mzee, na huyo mtu wa familia ambaye ungetumia jina lake ni nani?

Mzee wa Kuponi
Hilo halina uzito kwenye swali langu.

Kipa wa Akiba
Linao, mzee.

Hesabu Haidanganyi
Acha nijibu swali la kiufundi maana hakuna aliyejibu. Masharti ya makampuni mengi yanasema mtu mmoja akaunti moja, na jina la akaunti lifanane na jina la namba au benki inayopokea hela. Wakati wa kuweka hawakusumbui, hela yako inaingia kama maji. Ukishinda cha maana ndipo wanaomba kitambulisho, picha ya uso, wakati mwingine hata uthibitisho wa unapoishi. Wakigundua anayecheza si mwenye jina, wanaweza kufuta ushindi wote. Wakigundua kwamba anayecheza alikuwa amejizuia, ndiyo kabisa. Kwa hiyo unajiweka kwenye mchezo ambao ukiliwa umeliwa, ukila huna uhakika.

Na hilo la zamu yako kukaribia naomba tuliongee. Tarehe 18 Agosti 1913, kasino ya Monte Carlo, ruleti iliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walivyoona nyeusi zimezidi wakajaa kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini zamu imefika, wakaongeza dau kila duara. Kasino ilivuna usiku ule kuliko kawaida. Gurudumu halina daftari, mzee. Wewe unalo, lenyewe halina.

Mzee wa Kuponi
Ruleti ni bahati tupu, ndiyo maana niliiacha. Mpira una elimu ndani yake. Mimi mikeka yangu mingi inachanwa na timu moja. Timu kumi, tisa zinaingia, moja inatoa sare dakika ya 93. Mtu asiyejua hapati tisa kati ya kumi.

Hesabu Haidanganyi
Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, na mimi nilikuwa humo. Chukua mechi kumi ambazo kila moja ni nusu kwa nusu, mfano goli zaidi au pungufu. Kuna njia 1,024 ambazo matokeo yanaweza kupangika. Njia moja tu inakupa zote kumi. Njia kumi zinakupa tisa. Maana yake hata nyani akibonyeza, kwa kila mkeka mmoja atakaokula, kumi zitachanwa na timu moja. Ile "nilikaribia" imo ndani ya hesabu tangu mwanzo, haihitaji ujuzi wowote.

Ongeza na mkato wa kampuni. Mechi ya nusu kwa nusu wangekulipa 2.00, wanakulipa 1.90. Kwa mechi moja unaacha mezani tano katika kila mia. Unaona ndogo. Lakini kwenye mkeka wa timu kumi mkato unajizidisha: 0.95 mara yenyewe mara kumi ni kama 0.60. Yaani umeweka mia, na kabla mpira haujapigwa thamani yake ni sitini. Mikeka mirefu ndiyo wanayoitangaza kwa rangi nyingi, na sababu ni hiyo.

Kwenye daftari lako, mwisho wa yote, umepata au umeliwa?

Mzee wa Kuponi
Ukichukua vizuri, karibu sawa kwa sawa.

Hesabu Haidanganyi
Ukichukua vizuri ni kuchukuaje?

Mzee wa Kuponi
Daftari naandika mikeka ninayoifanyia kazi. Ile ya haraka haraka usiku, ya ligi ambazo sizijui, siiandiki, maana ile ni ya kupoteza muda.

Bingwa wa Kona
Mzee jamani.

MechiZaUhakika01
Baba usihangaike na hizo hesabu. Nina mechi zilizopangwa, odi 45, nimepatia wiki kumi mfululizo, ushahidi ninao. Njoo faragha, unalipa nusu sasa na nusu ukishinda.

Hesabu Haidanganyi
Karibu, tulikuwa tunakusubiri. Unatuma utabiri kwa watu 1,024. Nusu unawaambia timu A, nusu timu B. Waliokosewa unawasahau, waliobaki unawagawa tena. Wiki ya kumi anabaki mtu mmoja aliyeona umepatia zote, na huyo ndiye anayekulipa. Kama unajua matokeo, uza nyumba uweke, unatutafuta sisi wa nini?

Kipa wa Akiba
Mwenye kijiwe, fagia huyo.

Bwana Shaka
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote na naona mnapigwa chai ya moto, habari ya kutunga. Tazameni. Mwanzoni mzee alisema mtu wa familia "kwa ridhaa yake". Alipoulizwa ni nani, akakwepa. Binti ndiye anayeshughulikia mambo ya simu, maana yake mtu mwenye kitambulisho kinachoeleweka hapo karibu ni binti. Sasa binti aliyelia hadi baba akajifungia, ndiye huyo huyo ametoa ridhaa baba afungue kwa jina lake? Haiingii akilini. Halafu ghafla anatokea muuza mechi. Mimi nasema mzee na MechiZaUhakika ni mtu mmoja, na kesho utasikia "nashukuru amenisaidia, nimekula".

Sijachanika
Duh. Na anaandika vizuri mno kwa mzee wa kuponi.

Bingwa wa Kona
Kumbe nilitoa hongera kwa chai 😂

Mja Mnyenyekevu
Nilihisi tangu mwanzo.

Sijachanika
Ustadhi hukuhisi chochote. Hata hivyo jamani chai au si chai, mbona habari ya Leicester hakuna aliyechangia? Ile yangu ni ya kweli.

Bwana Shaka
Ya Leicester ndiyo chai ya kwanza. Kila kijiwe cha mpira kina mtu aliyeuza mkeka wa Leicester.

Sijachanika
Nitaleta risiti.

Dada Mkweli
Naomba tusimtupe mzee bado. Watu wanaokuja kwetu husimulia hivi hivi, kwa vipande, na kila kipande kinapingana na cha jana. Wakati mwingine ni uongo kwetu, mara nyingi ni uongo kwao wenyewe kwanza. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kamari kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, na mwaka 2013 wakaihamisha wakaiweka pamoja na pombe na dawa za kulevya. Wanataja dalili tisa, ukiwa nazo nne ndani ya mwaka mmoja wanasema una tatizo. Kukopa si lazima. Humo kuna kuficha unachocheza, kuna kurudi kesho ili urudishe ulichopoteza, kuna kukosa utulivu ukijaribu kupunguza. Mzee, sikupimi kwenye uzi. Nakuuliza tu: ridhaa ya binti unayo?

Mzee wa Kuponi
Nimesoma yote. Bwana Shaka ni mtu mwerevu, ila huyo muuza mechi simjui. Nimekuwa nawakimbia watu wa namna hiyo tangu wakiuza utabiri wa kuponi kwa bahasha.

Ridhaa nilikuwa nataka kuiomba. Nilijua nikimweleza vizuri, kwamba ni dau dogo, mechi mbili tatu kwa wiki, angeelewa. Ni mtoto msikivu. Lakini nikaona nianze kwanza usajili ili nikimwambia iwe jambo lililokwisha, asipate muda wa kufikiria sana. Wazazi mnanielewa.

Dada Mkweli
Umeanza usajili?

Mzee wa Kuponi
Picha ya mbele ya kitambulisho nimeshapakia. Ya nyuma bado. Nakala yake ninayo tangu aliponisaidia mambo ya pensheni.

Bwana Shaka
Sasa nasikiliza.

Hesabu Haidanganyi
Namba ya simu uliyojaza ni ya nani?

Mzee wa Kuponi
Walitaka namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye kitambulisho. Nikajaza yake.

Hesabu Haidanganyi
Mzee, namba za kuthibitisha zinatumwa papo hapo. Kwake.

Mzee wa Kuponi
Nilidhani zinakuja ukimaliza kila kitu. Nilipanga akija Jumamosi nichukue simu yake kidogo, ana kawaida ya kuiacha mezani.

Wametuma jana. Ameniandikia asubuhi: "Baba, hizi namba za kubeti zimeingia kwangu, ni wewe?" Sijajibu.

Bingwa wa Kona
Mwambie ni matapeli wamepata namba yake. Siku hizi wapo wengi.

Dada Mkweli
Usimwambie hivyo. Atakwenda kuripoti, na kampuni itamwonyesha picha ya kitambulisho iliyopakiwa, nakala ile ile aliyokuachia. Andikia kampuni leo, sema usajili usimamishwe na picha ifutwe. Kisha mpigie, usiandike ujumbe. Anza na "ni mimi", hayo mengine yatafuata.

Mzee wa Kuponi
Dada, wewe hujamwona alivyolia.

Bwana Shaka
Mimi bado asilimia thelathini naona chai. Ila kama kweli, mpigie mzee.

Mzee wa Kuponi
Kampuni nimeiandikia sasa hivi. Wamejibu kwamba mwenye akaunti ndiye anayetakiwa kuomba.

Hesabu Haidanganyi
Ndiyo, yeye.

Mzee wa Kuponi
Ngoja kwanza, anapiga.

Kipa wa Akiba
Pokea mzee. Tupo.

Chambo Mpya
Wakuu nimesoma mwanzo tu, majibu sijasoma, ni marefu. Mzee fungua kwa jina la mtoto wala usiogope, mimi natumia la shemeji yangu mwaka wa pili sasa na hajui.